Matone ya puani, sindano za ubongo, na Piriton ya saa nne usiku

Msomaji wa Makorora, Tanga, mwanamume wa miaka 43, anafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini na usiku anasomea CPA, mtihani wa uhasibu. Anasema tangu mwaka jana kichwa hakishiki: anamaliza ukurasa, akifumba kitabu hana alichobakiza, na kazini ameshakosea namba za kontena. Rafiki yake aliyetoka Dubai amemletea chupa ya matone ya puani ya Semax, vichupa vya unga wa Semax hiyo hiyo wa kuchanganya na maji na kujichoma chini ya ngozi, na kopo la vidonge vya Dihexa, vyote vikisifiwa kwamba ni peptidi za kunoa kumbukumbu. Rafiki mwenyewe ameshaanza kujichoma na anasema anajisikia kijana. Msomaji anauliza kama vitu hivi vitamfikisha salama kwenye mtihani wa Novemba, na kama mama yake, aliyepata kiharusi na sasa anasahau mpaka majina ya wajukuu, achomwe sindano za Cerebrolysin ambazo mtu amejitolea kuwaagizia. Mwishoni, kama kitu kidogo tu, ameongeza kwamba ana sukari na huu ni mwaka wa tano anameza metformin, analala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, na kwa ajili ya mafua yasiyokwisha humeza Piriton kila usiku ifikapo saa nne.

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Nakupa jibu kwanza, maana najua una kitabu kinakusubiri: matone usiyatie puani, unga usiuchanganye, Dihexa usiiguse, na bi mkubwa, mama yako, asichomwe. Hayo ni maoni yangu kama mfamasia, na sasa nina deni la kukueleza sababu. Rafiki yako naye ana hoja, tena si ya kijinga. Ukimjibu kwa "hizo ni takataka" atakushinda kwa maneno.

Hoja yake inaanzia mahali pa kweli. Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, vipande vile vile vinavyojenga protini ya samaki na ya maharage, ila vikiwa vichache. Mwili unatumia minyororo hii kupelekeana habari. Insulini ina vipande 51, na kila mwenye sukari anajua kinachotokea ikikosekana. Oksitosini, ile wanayochomwa kina mama baada ya kujifungua ili damu isitoke kupita kiasi, ina vipande 9 tu. Ubongo nao unatengeneza peptidi zake za kutuliza maumivu, za njaa, za usingizi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba peptidi inaweza kugusa ubongo, hajakudanganya. Mashaka yanaanza anaporuka kutoka hapo hadi kwenye chupa iliyo mezani kwako.

Semax ina historia yake. Ilitengenezwa Moscow, katika Taasisi ya Jenetiki ya Molekuli, enzi za Muungano wa Kisovieti zikielekea mwisho. Watafiti walikuwa wameona kwamba homoni ya ACTH, inayotoka chini ya ubongo na kuziamrisha tezi za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ya msongo, ina kipande kidogo kinachobadilisha namna wanyama wanavyojifunza bila kuamsha kotisoli hiyo. Wakachukua amino asidi 4 za kipande hicho, wakaunga mkia wa amino asidi 3 ili vimeng'enya vya mwili visiikate upesi. Ikawa 7. Kule Urusi ni dawa iliyosajiliwa, hutumika kwa wagonjwa wa kiharusi miongoni mwa wengine, na huuzwa kwa nguvu mbili tofauti, asilimia 0.1 na asilimia 1. Kwenye ubongo wa panya imeonekana kuongeza BDNF, protini inayosaidia seli za neva kuishi na kuunganika. Na kwa binadamu wenye afya upo utafiti wa miaka ya 1990 uliosema kumbukumbu na umakini viliongezeka.

Rafiki yako bila shaka amesoma hayo yote, na hajakosea kuyasoma. Ila utafiti ule ulikuwa wa watu wachache, na hapajafuata majaribio makubwa ya nchi nyingine, ambapo nusu ya watu wanapewa dawa, nusu wanapewa matone yasiyo na kitu, na hakuna anayejua kapata kipi hadi mwisho. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuipitisha Semax. Mwaka 2023 iliiweka, pamoja na Dihexa na peptidi nyingine iitwayo Selank, kwenye kundi la malighafi zenye mashaka ya usalama ambazo famasi zao zinazochanganya dawa zisitumie.

Utaniuliza, kwani lazima majaribio makubwa? Si ajaribu mtu mwenyewe aone? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu peptidi mbili zilizotengenezwa vizuri kuliko hizo zako zimeshapita njia hiyo.

Ya kwanza ni insulini yenyewe, ikipulizwa puani. Wazo lilikuwa zuri: ubongo unatumia insulini, na ndani ya pua, sehemu ya juu, zipo njia za neva zinazoelekea ubongoni moja kwa moja, hivyo dawa inakwepa kile kizuizi kati ya damu na ubongo kinachozuia vitu vingi kupita. Majaribio madogo yalileta matumaini makubwa. Kisha Marekani wakafanya jaribio la watu 289 wenye kumbukumbu iliyoanza kudhoofika au hatua za mwanzo za Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, matokeo yakatoka 2020. Baada ya mwaka mzima waliopuliza insulini hawakuwazidi wenzao. Isitoshe, njiani walilazimika kubadilisha kifaa cha kupulizia kwa sababu cha kwanza hakikuaminika. Hebu fikiria: wataalamu, kifaa maalumu, na bado kufikisha dozi puani kulisumbua. Wewe una mafua yasiyokwisha na chupa ya matone.

Ya pili unaijua kwa jina la Ozempic. Semaglutide ni peptidi, imetibu sukari na unene kwa mamilioni ya watu, na watafiti waliona dalili kwamba wanaoitumia hupatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa nadra zaidi. Kampuni inayoitengeneza, Novo Nordisk, ikaijaribu ikiwa vidonge katika majaribio mawili yaliyobeba watu karibu 3,800 wenye Alzheimer ya mwanzo, kwa miaka miwili. Novemba 2025 ikatangaza kwamba dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Hiyo ni kampuni yenye fedha na kila sababu ya kutaka jibu liwe "ndiyo". Hao wagonjwa si wewe, najua, wewe huna Alzheimer. Lakini ukiona peptidi ya kiwango hicho inakwama, kuwa mgumu kidogo kuamini ushuhuda wa "najisikia kijana". Mtu aliyelipa dola zake, akajichoma asubuhi, akashinda siku nzima akijichunguza kama amekuwa makini zaidi, huyo ameshakuwa makini zaidi, hata kama kichupa kilikuwa na maji matupu.

Tuje kwenye chupa yenyewe. Huku ndiko kwenye kazi yangu, na ningependa usome polepole.

Peptidi nyingi hazipendi joto zikishakuwa kwenye maji. Oksitosini ya hospitali inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikikaa nje ya friji nguvu yake hushuka bila rangi wala harufu kubadilika. Mkunga anaiona ni ile ile. Tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba imebidi itafutwe ndugu yake anayestahimili joto, carbetocin, kwa ajili ya nchi kama zetu. Sasa hayo matone yako yametoka kiwandani tusikokujua, yakakaa dukani Dubai, yakasafiri kwenye begi, yakapanda basi kutoka Dar, yakafika Makorora, na hukuniambia kama yalikaa kwenye friji hata mara moja. Februari na Machi hapa Tanga unalijua joto lake, na umeme nao una siku zake. Hata kama kiwandani walitia Semax halisi, siwezi kukuambia leo imebaki kiasi gani, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukuambia kwa kuitazama.

Unga uliokaushwa unavumilia zaidi, lakini una balaa lake. Tazama lebo ya kichupa. Vingi vya namna hii huandikwa kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Watu hudhani ni maneno ya kumkwepa mwanasheria. Ni kweli yanamkwepa mwanasheria, na vile vile yanamaanisha kwamba hakuna aliyelazimika kukitengeneza kama sindano ya mtu. Muuzaji anaweza kukuonyesha cheti cha uchambuzi chenye asilimia 99. Asilimia hiyo inahusu usafi wa kikemia: kati ya peptidi iliyomo, kiasi gani ni ile iliyotajwa. Haisemi kama hakuna vijidudu. Haisemi kama hakuna mabaki ya kuta za bakteria waliokwisha kufa, ambayo huleta homa kali na kutetemeka yakiingia mwilini hata kama hakuna kijidudu hai hata kimoja. Na si lazima iseme kama kichupa kina miligramu zilizoandikwa. Halafu wewe ndiye wa kuchanganya, sebuleni, na maji ya sindano uliyonunua, ukipiga hesabu ya dozi kwa kuangalia video. Na una sukari, ndugu yangu. Jipu la sindano kwa mwenye sukari halichelewi kuwa jambo kubwa.

Kuna na sheria. Dawa zinazoingia nchini zinasimamiwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, na mtu wa forodha sihitaji kumfundisha maana ya mzigo usio na kibali. Kabla ya kununua dawa yoyote ya ajabu, rejista ya dawa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya TMDA, ingia utafute jina.

Dihexa naiweka peke yake kwa sababu inanitia hofu zaidi ya Semax. Ilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, kwa kurekebisha kipande cha angiotensini, homoni ya presha. Kwenye panya ilionekana kurudisha kumbukumbu na kuongeza maungio kati ya seli za neva, na mitandaoni ikavuma kwamba ina nguvu mara milioni kadhaa kuliko BDNF. Namba hiyo inatoka kwenye vipimo vya maabara, haikuhusu akili ya mtu yeyote. Kampuni iliyoanzishwa kuendeleza kazi hiyo, Athira, ilipoteza mkuu wake mwaka 2021 baada ya uchunguzi kukuta kwamba alibadilisha picha katika makala zake za utafiti za wakati wa masomo. Dawa yao ya ukoo huo ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, mwaka 2024 ikashindwa kufikia lengo. Dihexa yenyewe, hiyo ya kwenye kopo lako, haijapita majaribio ya kitabibu kwa binadamu. Na njia inayosemwa kwamba inaiamsha, ya kipokezi kiitwacho c-Met, ndiyo njia ambayo aina kadhaa za saratani huitumia kukua na kusambaa. Sisemi itakupa saratani. Nasema hakuna aliyefuatilia watu wanaoimeza ili ajue, na mtihani wa CPA haustahili uwe wewe wa kwanza.

Sasa bi mkubwa. Cerebrolysin ni kitu cha tofauti kidogo, kwa sababu ni dawa halisi ya kampuni ya Austria, imesajiliwa katika nchi kadhaa na ina majaribio mengi. Ni mchanganyiko wa peptidi na amino asidi unaopatikana kwa kuvunjavunja protini za ubongo wa nguruwe. Nimeona familia hapa Tanga zikiagiziwa bila kuambiwa hilo, na sipendi. Wengine watasema dharura inaruhusu, wengine hawatakubali. Hilo ni la kwenu na shehe wenu, lakini mjue kabla ya sindano, si baada. Kwa upande wa dawa, wachambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, wamekusanya majaribio yake kwa wagonjwa wa kiharusi kipya cha damu kuganda, na wakahitimisha kwamba huenda haipunguzi vifo hata kidogo, na kwamba madhara makubwa yasiyoua yanaweza kuwa mengi zaidi kwa waliopewa. Aliye na kifafa hatakiwi kuchomwa, wala mwenye figo zilizochoka sana, na mzee aliyepata kiharusi anaweza kuwa na moja kati ya hayo bila kujua.

Fedha hiyo hiyo, au robo yake, iende kwenye presha ya mama. Jaribio lililoitwa PROGRESS lilifuatilia watu 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Waliopewa vidonge vya presha, perindopril na kwa wengi wao indapamide juu yake, walipungukiwa na kiharusi cha pili kwa asilimia 28, na kushuka kwa akili kulipungua kwa asilimia 19. Hivyo ni vidonge vya kawaida, havina hadithi ya kusimulia, ndiyo maana hakuna anayekuletea kutoka Dubai. Wazee wengi huacha kumeza wakijisikia nafuu, au mwezi ukiisha vibaya. Kaa naye, hesabu vidonge vilivyobaki, linganisha na tarehe. Kisha mpeleke kliniki ya hospitali ya Bombo, mwambie daktari kwamba anasahau majina, na uulize pia kama ana huzuni, maana baada ya kiharusi huzuni huvaa sura ya usahaulifu na ina tiba yake.

Nimerudi kwako, na kwa yale uliyoandika mwishoni kana kwamba hayana uzito. Kwangu mimi barua yako inaanzia pale.

Piriton ni chlorpheniramine. Inakausha mafua kwa kuzuia histamini, lakini haiishii puani, inaingia ubongoni, na huko histamini ndiyo inayokuweka macho. Tena inazuia kiasi cha asetilkolini, kemikali ambayo ubongo unaitegemea katika kushika kumbukumbu. Donepezil, dawa ya Alzheimer inayotumika duniani kote, kazi yake ni kuilinda asetilkolini isivunjwe. Umeona mambo? Unatafuta dola za kuongeza kumbukumbu, na kila usiku, ifikapo saa nne, unameza kidonge cha shilingi chache kinachoipunguza. Na Piriton haiondoki alfajiri. Kwa mtu mzima nusu ya dozi inaweza kuwa bado mwilini siku ya pili jioni, wakati unaongeza nyingine juu yake. Uzito wa kichwa unaousikia bandarini asubuhi sishangai nao.

Metformin nayo ni dawa nzuri, usiiache. Ila kwa miaka inapunguza uwezo wa utumbo kunyonya vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu, uchovu na ganzi ya miguu. Umesema mwaka wa tano. Omba kipimo cha B12, wingi wa damu, tezi ya shingo, na kile cha sukari ya miezi mitatu. Kama B12 iko chini, hiyo ina sindano au vidonge vya kweli, vya bei ya watu. Wakati huo maini, mayai, dagaa na samaki visikosekane, na kwa mkaaji wa Tanga sina haja ya kueleza samaki wapatikane wapi.

Halafu hizo saa tano tu za usingizi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza watu kwa muda wa saa sita tu kila usiku, kwa wiki mbili. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka sawa na mtu aliyekesha usiku mzima, hata mbili, lakini wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Hilo la pili ndilo linalonisumbua, kwamba mtu hajioni. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga uliyosoma, ukiukata unajifuta mwenyewe. Kahawa ya kijiweni Ngamiani naipenda kama wewe, pamoja na kashata yake, lakini ya baada ya magharibi iache mpaka Novemba ipite. Muulize na mkeo kama unakoroma, na kama pumzi inakatika katikati ya kukoroma. Mafua yasiyokwisha, sukari, uchovu wa mchana: hivyo vikikutana na mkoromo wa namna hiyo, daktari wa pua na koo akuone.

Mafua yenyewe yatafutiwe sababu badala ya kunyamazishwa. Vumbi la ghalani, ukungu wa ukutani, mzio. Kwa sasa muulize mfamasia au daktari wako kuhusu loratadine badala ya Piriton. Haisinzishi kiasi kile. Au dawa ya kupuliza ya steroidi, ambayo hukaa puani na kufanya kazi yake humo.

Kuhusu kusoma, jambo moja tu, kwa sababu limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma habari moja tena na tena na waliosoma mara moja kisha wakajilazimisha kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa na kichwa kikawa kitupu, usirudi juu ukaanza tena. Funga, andika unachokumbuka hata kama ni mistari miwili mibovu, kisha fungua usahihishe. Maswali ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya miaka iliyopita yafanye mapema, si wiki ya mwisho.

Matone, vichupa na vidonge usivimwage chooni wala kuvitupa jalalani ambako watoto hufukua. Peleka famasi yenye mfamasia au ofisi ya TMDA, useme vilikotoka. Nia yao ni kujua kinachozunguka mitaani. Rafiki yako mwambie asimamishe. Akipata homa ya ghafla, uvimbe au wekundu unaopanuka pale alipochoma, asisubiri kesho. Aende hospitali na kichupa mkononi, kwa sababu daktari atahitaji kusoma lebo.